Usiinue Mguu

Nilivua viatu mlangoni. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza Dar es Salaam, na mpaka leo wenzangu wa timu ya Mwambao Queens wakitaka kunicheka huanzia hapo. Niliuona ule ukumbi, sakafu inang'aa mpaka taa za darini zinaonekana chini, nikarudi nje kimyakimya, nikatafuta bomba, nikanawa miguu hadi vifundoni, nikaikausha kwa kanga, ndipo nikaingia. Peku. Wasichana ishirini na wawili wenye raba miguuni wakaacha kupasha misuli moto wakanikodolea macho.

"Jamani," akasema mmoja mrefu aliyefunga kilemba chekundu, "huyu kaja kuswali au kaja kucheza?"

Huyo alikuwa Hasna. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikasimama pale nikitafuta jibu la kumkata maini, maana nilikuwa na miaka ishirini na ulimi wangu haukuwa na breki. Kocha Zamda hakunipa nafasi. Alipuliza filimbi, akanitazama miguu kwa muda, akasema kwa upole, "Vaa viatu, mdogo wangu. Hapa utakanyagwa."

Ningemwelezaje? Kwetu Mbuji hakuna mtu mwenye akili timamu anayekanyaga sakafu kwa viatu.

Kwetu, ardhi tambarare ni kitu cha kuonyesha wageni. Milima imesimama, na mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo yanayochimbwa safu kwa safu ili mvua isitushushie udongo wote bondeni, yanaanzia hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Sehemu pekee iliyonyooka pale nyumbani ilikuwa sakafu ya kuanikia kahawa, aliyoimwaga babu kwa saruji mwaka mmoja bei ilipompendeza. Upande mmoja ilipakana na ukuta wa nyumba, upande wa pili na ukuta wa stoo, na pande mbili zilizobaki hazikupakana na kitu. Ulikuwa ni mteremko mpaka mtoni.

Bwana shamba alikwisha kutuhimiza tutumie vichanja vya waya, na mama akatengeneza viwili ili asionekane mbishi. Lakini mzigo mkubwa uliendelea kukaukia sakafuni, na kazi ya kuugeuza ilikuwa yangu. Kahawa ikishamenywa, ikavundikwa na kuoshwa, humwagwa juani ikiwa bado na ganda lake jembamba, na ni lazima igeuzwe mara kwa mara, la sivyo ya juu inakauka na ya chini inashika ukungu. Wengine hutumia reki ya mbao. Mama yangu, Hildegardi, aliiamini miguu. Unanawa, unaingia peku, unaburuta nyayo, wa kulia, wa kushoto, punje zinapanda kando na kuacha mfereji nyuma yako. Ukifika ukingoni unageuka, unafungua mfereji mwingine. Ukiinua mguu na kuushusha, umepasua ganda, na punje iliyopasuka mnunuzi anaiona kabla hata hujamsalimia.

Kwa hiyo utoto wangu una sauti moja tu. Mama ameketi kwenye kizingiti, anachambua punje mbovu kwenye ungo, hata uso hauinui, na bado anajua.

"Usiinue mguu, Resti."

"Siinui, mama."

"Wa kushoto huo. Nasikia."

Na kweli, wa kushoto ulikuwa mkaidi. Sijui kwa nini. Wa kulia ulitii tangu nikiwa na miaka sita, lakini wa kushoto ulikuwa na mambo yake, na mama alikuwa na sikio la kusikia punje moja ikipasuka katikati ya sakafu nzima.

Jioni kahawa ikishakusanywa na kufunikwa turubai, nusu ya sakafu ilibaki wazi. Hapo ndipo tulipochezea, mimi na watoto wa jirani, kwa mpira wa mifuko ya nailoni uliokazwa kwa kamba za katani. Sheria ilikuwa moja: anayeutoa mpira nje ya sakafu anaufuata mwenyewe bondeni. Kushuka ni dakika tano, kupanda ni robo saa, tena kwenye matuta ya ngolo ambayo ukiyavunja kuna mtu wa kukusubiri na fimbo. Mimi nilikuwa mvivu wa kupanda mlima. Nikajifunza kuukanyaga mpira, kuuvuta, kuuhamisha kutoka unyayo hadi unyayo, ubaki hapohapo huku wenzangu wakinizunguka na kuhema. Sikujua kwamba najifunza kitu. Nilijua tu kwamba wengine ndio walioshuka bondeni.

Aliyeniambia kwamba mchezo huo una jina na una mshahara ni Mzee Abdulmalik, mwenye duka Mbinga mjini, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Aliniona kwa mara ya kwanza Mbamba Bay. Vijana wa parokia tulikuwa tumeshuka huko kwa bonanza, tukacheza kwenye mchanga wa ufukweni, na mimi nikaaibika vibaya sana. Unyayo haufui dafu mchangani, unazama. Walinitoa kipindi cha kwanza. Ziwa Nyasa lilikuwa mbele yangu, maji ya bluu mpaka milima ya ng'ambo, na sikuona uzuri wowote kwa hasira niliyokuwa nayo. Nikachukua mpira, nikaenda zangu mwaloni, kwenye sakafu ya saruji wanapopakulia usipa, dagaa wa ziwa hilo, nikawaita vijana watatu wa pale waje wauchukue kwangu kama wanaweza.

Hawakuweza. Mzee Abdulmalik alikuwa amekuja kununua magunia yake ya usipa, akasimama kutazama mpaka dereva wake akapiga honi mara tatu.

"Binti, wewe ni wa nani?" akaniuliza.

"Shikamoo mzee. Wa Hildegardi Kinunda, wa Mbuji."

"Marahaba. Mpwa wangu Zamda, yuko Dar, anafundisha mpira wa ukumbini, wa watu watano watano. Wanalipwa. Anatafuta kiungo." Akautazama mpira uliotulia chini ya unyayo wangu. "Naona kama nimemwona."

Alikuja Mbuji mwenyewe, kwa bodaboda, na kanzu yake ikafika na vumbi jekundu hadi magotini. Ulikuwa mwezi wa saba na kahawa ilikuwa imejaa mitini. Tulikuwa wawili tu pale nyumbani tangu baba afariki, mimi na mama, na mikono minne haikuwa ikitosha. Mama alimpa mzee kiti, akampa uji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mpira wa ndani ya nyumba," akasema. "Nyumba gani hiyo?"

"Ukumbi, Mama Resti. Sakafu laini, ukuta kila upande. Nampeleka kwa mpwa wangu, si kwa mtu baki."

Mama akanigeukia mimi, si mgeni. "Siku kumi," akasema. "Wakikuchukua, wamekuchukua. Wasipokuchukua unarudi, na habari ya mpira isisikike tena ndani ya nyumba hii. Uape."

Nikaapa, mbele ya Mzee Abdulmalik, na kwa mama yangu ukiapa umeapa. Akaenda kwenye kona ya sakafu, akauokota mpira wangu wa kamba, akautundika kwenye msumari ndani ya stoo. "Ukirudi nitaufumua," akasema, "kamba zake nifungie magunia."

Basi ndivyo nilivyofika kwenye ule ukumbi, na miguu yangu iliyonawa.

Kukanyaga mpira kwa unyayo hakukuwashangaza, maana kila mchezaji wa ukumbini anakujua. Kilichowakera ni kwamba mimi niliburuta miguu hata bila mpira. Nikikaba naburuta, nikiomba pasi naburuta, raba zinalia kwenye sakafu kwiii, kwiii, mpaka siku ya tatu Kocha Zamda akasimamisha mchezo.

"Resti, unaumwa miguu?"

"Siumwi, Kocha."

"Basi iinue. Unatembea kama umetoka wodini."

Nafasi ya kiungo ilikuwa moja, na wote tulijua kwamba aliyekuwa akiielekea ni Hasna. Alikuwa mwepesi, alikuwa na jicho, na ukumbi ule aliujua tangu shule. Mimi nikawa mtiifu. Nikainua miguu. Siku ya nne, ya tano, ya sita niliiinua vizuri kabisa, magoti juu kama askari wa gwaride, na kila nilipoiinua Hasna aliuchukua mpira kwangu bila hata kutoka jasho.

"Mgonjwa kapona," akaniambia, "lakini mpira kausahau."

Usiku nililala nikiuona mpira wangu kwenye msumari, na mama anatafuta ncha ya kamba aanze kufumua. Nilijionea huruma, na nilijichukia kwa kujionea huruma, kwa sababu wakati huohuo mama alikuwa peke yake na kahawa ya watu wawili.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Kwetu mtandao unapatikana penye msalaba wa kigango, juu kilimani, kwa hiyo nilingoja ibada itoke ndipo nikapiga. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia wanawake wakiagana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Juzi manyunyu yalipita. Nimekimbia na turubai mwenyewe." Alisema hivyo kama taarifa tu, bila lawama, na ndivyo ilivyoniuma zaidi. "Wamekuchukua?"

"Bado. Kesho ndiyo mwisho. Nadhani hawatanichukua, mama."

"Kwa nini?"

"Wanasema naburuta miguu. Nimeacha, lakini nikiinua mpira haukai."

Nikamsikia akimwambia mtu amngoje.

"Sakafu yao ikoje?" akauliza.

"Laini, mama. Laini kuliko yetu."

"Na wewe kwenye sakafu laini unainua miguu." Nilimsikia akivuta pumzi, na mwanamke mmoja akimwita waondoke. "Miaka kumi na minne nakufundisha, unaenda kwa watu siku tisa, unaniaibisha. Haya, mimi nashuka, kahawa iko nje."

Akakata. Nilikaa kwenye ngazi za hosteli na simu mkononi, nikaanza kucheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Mpaka leo sijui kama mama alijua anachofanya. Alikuwa na kila sababu ya kutaka nirudi.

Siku ya kumi Kocha Zamda alitugawa timu mbili, Hasna upande ule na mimi upande huu, kila mmoja amkabe mwenzake. Pasi ya kwanza ilinifikia nikiwa nimelipa goli mgongo. Nikaukanyaga mpira. Hasna akaja nyuma yangu, nikasikia pumzi zake. Nikaburuta. Wa kulia, wa kushoto, mpira unahama unyayo hadi unyayo, na mimi ninahama nao kuelekea ukingoni, taratibu, kama niliyeachiwa sakafu nzima hadi machweo. Hasna alikuwa anangoja. Nilimhisi anangoja, na sikujua anangoja nini, mpaka nilipofika kwenye mstari, nikageuka kama ninavyogeuka siku zote, na ncha ya kidole ikausukuma mpira kupita kando yake hadi kwa mwenzangu, ambaye hakuwa na la kufanya ila kufunga.

Filimbi ikalia. Nikajua nimejimaliza.

"Rudia," akasema Kocha Zamda.

Nikarudia. Mpira ukapita upande wa pili.

"Rudia tena. Hasna, safari hii unajua anakuja nao. Mzuie."

Hasna alikaza meno, akakunja magoti, mikono wazi. Mpira ukapita katikati ya miguu yake. Kocha akamsogelea. "Kwa nini humzuii?"

Nimewahi kukutana na wachezaji wengi tangu siku hiyo, na sijui ni wangapi wangejibu kama alivyojibu yule, huku nafasi aliyoiwania mwaka mzima ikimtoka mkononi. Angeweza kusema ameteleza. Alifuta jasho kwa kilemba chake, akasema ukweli.

"Simsomi, Kocha. Kila mtu kabla ya kupiga anainua mguu, ndipo unajua. Huyu hainui."

Kocha Zamda alinitazama miguu kwa mara ya pili, kama siku ile ya kwanza mlangoni. "Nani kakufundisha?"

"Mama," nikasema. "Na kahawa."

Jioni ile mkataba uliwekwa mezani na nikatia saini. Nilimpigia mama siku tatu mfululizo kabla hajapanda kilimani. Nilipomwambia akasema, "Basi, sawa. Nitamtafuta mtoto wa jirani anisaidie kugeuza," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda na kushindwa kwa wakati mmoja. Furaha yangu ilikuwa kubwa, sitaidogosha. Lakini nililala nayo na hiyo sauti pia.

Nimecheza miaka tisa. Miwili kati yake nimeichezea Morocco, ambako niliona sakafu za mbao laini ajabu na nikabaki na tabia zangu zote za nyumbani, isipokuwa hiyo moja ya kuvua viatu. Nimeshavunjika kidole, nimeshashonwa nyusi, nimeshavaa kitambaa cha unahodha. Hasna alisajiliwa mwaka uliofuata kama mshambuliaji, na yeye ndiye aliyekipa kile kitendo jina. Nikipokea mpira na adui mgongoni, husikika sauti yake kutoka mbele: "Anika, Resti!" Mashabiki wakalidaka. Siku hizi ukumbi mzima unapiga kelele "Anika! Anika!" na nusu yao hawajawahi kuiona kahawa ikiwa na ganda.

Mwaka huu, fainali ya ligi, zilibaki sekunde arobaini na tulikuwa mbili kwa mbili. Mpira ulinikuta pembeni, mabeki wawili wamenifunga. Goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu nusu fainali na nilikuwa nimewadanganya madaktari. Nikaukanyaga. Kelele za "Anika!" zikajaa, na ndani ya kelele hizo mimi nilisikia ungo tu, punje mbovu zikitupwa moja moja. Nikaburuta hadi kwenye mstari. Wale wawili wakaja nami hatua kwa hatua, wote wanaitazama miguu yangu, wanangoja. Nikageuka. Wa kushoto ukaupitisha mpira katikati yao, na kule nguzo ya mbali Hasna akautia wavuni, akaanguka, akainuka, akaja mbio akiwa amekivua kilemba anakipunga, akanirukia shingoni mpaka tukalala chini wote wawili tukilia kama wajinga. Mabingwa. Kocha Zamda alivua viatu vyake, akaingia uwanjani peku, na timu nzima ikamwelewa.

Nilifika Mbinga mwezi wa saba, baridi kali, ukungu umelala mpaka saa nne. Mzee Abdulmalik ameshazeeka lakini duka bado lake. Alinishika mikono yote miwili.

"Mama yako alikuja kuitazama fainali," akasema. "Hakukwambia? Alishuka na basi la asubuhi, kavaa kitenge cha kanisani. Nikaunganisha simu na televisheni, watu wakajaa mpaka barazani. Yeye kakaa mbele, mkono shavuni, mwanzo mpaka mwisho. Mlipofunga watu waliruka wakavunja benchi langu. Yeye akasimama, akaniaga, akawahi basi."

Miaka tisa mama hakuwahi kuniona nikicheza. Alikuwa akiuliza kama nakula, kama nasali, kama goti linauma, basi. Nilipanda Mbuji kwa bodaboda nikiwa na medali mfukoni, na njia nzima nilipanga nitakavyoitoa.

Sikuitoa. Mama alikuwa sakafuni, katikati ya kahawa, anageuza. Amepungua mwili, lakini mifereji yake imenyooka vilevile. Mlango wa stoo ulikuwa wazi na mpira wangu wa kamba ulikuwa kwenye msumari, umejaa vumbi, haujafumuliwa hata ncha moja. Nikaweka begi chini. Nikavua viatu, nikanawa miguu, nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anzia huko ukutani."

Tukageuza. Jua lilikuwa limeanza kutoboa ukungu, na kahawa iliyopata joto ilikuwa ikitoa ile harufu yake tamu niliyoikosa katika kila ukumbi niliocheza. Tulipishana katikati, tukapishana tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee Abdulmalik anasema ulitazama."

"Nilitazama."

"Na ukaona lile goli?"

Alifika ukingoni, akageuka. Aliinama, akaokota punje moja, akaing'ata kupima ukavu wake, akaitema. Ndipo akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mdomo wake ulikuwa unajizuia kucheka.

"Wa kushoto," akasema, "bado unauinua."

Nikaushusha. Tukaendelea kugeuza hadi ukutani.